Nilikuja kumkanda mzazi, mjukuu sasa anatambaa na mimi bado nipo

Somo, salamu sana.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nilipofikisha miaka sitini serikali ikaniambia nipumzike. Nyumbani kwetu ni Muheza, nje kidogo ya mji, mimi na mzee wangu na michungwa yetu. Barua hii ninaiandikia Kimara, kwa binti yangu, na hapo ndipo lilipo jambo langu.

Agosti mwaka jana binti alikaribia kujifungua mtoto wa pili. Akapiga simu: "Mama, njoo unikande." Nikafunga nazi, pilipili manga ya uji wa mzazi, mdalasini, iliki na unga wa muhogo, nikapanda basi. Tulikubaliana nikae mpaka arobaini. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa mwenyewe usiku ule ule niliofika, maana nilikuta vyombo vimejaa kwenye sinki na binti hawezi hata kuinama.

Mjukuu akazaliwa salama, wa kiume. Nilimkanda mama yake kwa maji ya moto asubuhi na jioni, nikampikia supu, nikamfunga tumbo, nikamwogesha mtoto. Arobaini ikafika, tukasoma dua, nami nikaanza kukunja nguo zangu. Binti akasema, "Mama, ngoja kwanza likizo yangu iishe, nisimwache mtoto na dada peke yake." Nikaona ana hoja. Novemba akarudi kazini kwake Posta. Desemba yule dada wa kazi akaomba ruhusa aende kwao Singida kusalimia, na hakurudi tena. Tukaambiana tutatafuta mwingine. Januari ikapita, Februari ikapita. Siku moja nikiwa koridoni nikamsikia binti anaongea na rafiki yake kwenye simu: "Dada wa nini, shoga yangu? Mama yupo. Nyumba inang'aa, mtoto yuko mikononi mwa bibi yake, na ile hela ya mshahara wa dada tunamalizia nayo kiwanja Kibaha."

Somo, naamka saa kumi na moja alfajiri. Nikishasali nachemsha maji, nampikia uji mjukuu mkubwa, namvalisha sare kabla gari la shule halijapiga honi. Wazazi wao wameshatoka kuwahi mwendokasi. Nabaki na mdogo. Maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo siku yakitoka ni mbio, najaza mapipa na ndoo zote, mtoto yuko mgongoni. Nafua nguo za watoto, na siku hizi hata mashati ya mkwe nayakuta kwenye beseni. Mashati ya mkwe! Kijana sina neno naye, ana adabu, akinisalimia huinama. Lakini nimelelewa kwamba mkwe ni mtu wa kumwonea haya. Joto lote hili la Dar siwezi kujifunga kanga nikakaa barazani nikapunga upepo. Ni dera na mtandio mpaka yeye aingie kulala.

Juzi muuza mboga aligonga geti akaita, "Dada wa hapa, mchicha!" Nilipotoka akaona haya. "Nisamehe bibi, nilidhani dada." Nilicheka naye, nikanunua, lakini usiku ule usingizi haukunijia. Na mchicha wenyewe, kama maziwa, kama umeme ukikatika mchana, natoa kwenye pensheni yangu. Sijawahi kudai.

Kuna na vijineno. Mwezi uliopita mtoto alikuwa na kikohozi, nikamlambisha asali kidogo niliyotoka nayo nyumbani. Binti aliporudi na kusikia alipaza sauti: "Mama, umempa nini? Nimekwambia mara ngapi mambo ya kizamani basi!" Mbele ya mumewe. Nimelea watoto wanne, Somo, na yeye mmoja wao, na wote walilamba asali.

Mimi nina presha. Kadi yangu ya kliniki iko Muheza. Vidonge nilivyokuja navyo viliisha, nikawa nanunua duka la dawa, na nakunywa siku moja, siku ya pili naruka ili visogee.

Huko nyumbani mzee ana kisukari. Anakula anapokumbuka, akichoka kupika anakwenda kwa shemeji yangu. Machungwa yameanza kuiva, madalali wanazunguka mashambani, na wale wanaopeleka Kenya nao wameshaanza kuonekana. Mzee hajui kupigana bei, hiyo siku zote ilikuwa kazi yangu. Ameshauza kipande cha chini machungwa yakiwa bado mtini, kwa bei ambayo nikiitaja utalia. Kwenye kikoba chetu nilikuwa mweka hazina. Desemba mgao ulifanyika bila mimi, na nafasi wameshampa mwingine.

Nampenda mjukuu wangu. Sasa anatambaa, akiniona tu ananyoosha mikono. Ndiyo maana kila nikitaka kusema ulimi unakuwa mzito. Binti ataona namkimbia mtoto, au namwonea choyo maisha yake. Mzee naye amenipa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo anapanda basi kuja kunichukua mwenyewe. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu wa Muheza, kwa sasa Kimara

*

Somo anajibu

Shikamoo Mwalimu.

Kabla ya binti, kabla ya machungwa, vidonge. Presha haipigi hodi. Wengi huijua ikishawaangusha chini, mkono mmoja haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Kunywa dawa siku moja na kuruka siku ya pili ili zisogee ni kujidanganya kwamba unatibiwa. Wiki hii, siku ambayo binti yuko nyumbani, mkabidhi mtoto wake uende kituo cha afya hapo hapo Kimara. Usisubiri kadi ya Muheza; beba boksi tupu la dawa ulizokuwa unatumia uwaonyeshe, wakupime, wakuandikie upya. Ukirudi umwambie binti namba zilizosomeka kwenye mashine. Umwambie hasa, si kumfichia "asije akawa na wasiwasi." Wasiwasi kidogo utamfaa. Na ndoo za maji zitue leo. Mtoto mgongoni na ndoo mkononi, kwa umri wako na presha yako, hapana.

Sasa barua. Nimeisoma nikitafuta mahali ulipomwambia binti yako, "Mwanangu, nataka kurudi kwangu." Sijapaona. Umemwambia mzee, umeniambia mimi, na nadhani hata muuza mchicha ameshaelewa. Ambaye hajaambiwa ni yeye. Oktoba ulikunja nguo, akasema ngoja, ukazikunjua. Dada alipoondoka hukuuliza atakuja lini mwingine. Ulikuta shati kwenye beseni ukalifua, ukalianika, labda na pasi ukapiga. Anachokiona binti yako ni mama aliyekuja, akapenda, akakaa. Hakuna siku ambayo umempa sababu ya kufikiri vinginevyo, isipokuwa kununa, na kununa kwa wazazi wetu watoto wa siku hizi hudhani ni uchovu.

Sisemi hana kosa. Yale maneno ya kwenye simu ni ya mtu aliyejua anachokifanya: amepiga hesabu, ameona jasho la mama ni bei nafuu kuliko mshahara wa dada, na tofauti akaipeleka Kibaha. Kiwanja ni kizuri, nampongeza, lakini sehemu ya kiwanja hicho imelipiwa na michungwa ya Muheza iliyouzwa kwa bei ya kutupa, na yeye hajui.

Hata hivyo mtazame na yeye alipobanwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akizaa pacha. Baba anapewa siku tatu. Kliniki nayo inamwambia amnyonyeshe mtoto miezi sita bila kumpa hata maji. Wewe umefundisha hesabu: siku 84 hazifiki miezi mitatu. Miezi iliyobaki mtoto alelewe na nani? Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kutoka kazini muda usiozidi saa mbili kwa siku ili akamnyonyeshe mtoto, na ni wachache ninaowajua walioziomba, tena kutoka Posta mpaka Kimara na kurudi, saa hizo mbili huishia njiani. Kwa hiyo nyumba nyingi za Dar huzibwa pengo hilo na bibi aliyepanda basi kutoka Muheza, Moshi au Bukoba na mfuko wa nazi au wa ndizi. Hilo lilikuwa pengo la kweli, uliliziba, na mtoto amekua vizuri kwa sababu yako. Ila pengo hilo lilikwisha. Tangu Februari unachoziba ni nafasi ya dada ambaye hajatafutwa.

Namna ya kusema, maana hapo ndipo ulipokwama.

Usiseme siku uliyokasirika. Usiseme alfajiri anapofunga viatu. Usimtume mkwe, wala usiandike ujumbe wa simu ukiwa chumba cha pili, ninajua watu wanafanya. Subiri Jumapili mtoto akishalala mchana, mkwe akiwa ametoka, mkae wawili. Halafu, na hili nalisisitiza, usitafute kisingizio. Wazazi wengi wakichoka kwa watoto wao huzua msiba wa jirani au kuumwa kwa mtu, wakaomba ruhusa. Kisingizio ni tiketi ya kwenda na kurudi. Ukisema "baba yako hajisikii vizuri," binti atakujibu haraka, tena kwa upendo, "Nenda wiki moja umwangalie urudi." Au atasema, "Basi tumlete na baba huku," na hapo Mwalimu utajikuta una wajukuu wawili na mgonjwa wa kisukari Kimara, na Muheza imebaki na madalali peke yao. Kisukari cha mzee ni kweli, na anakuhitaji, lakini kisiwe ndicho kinachokuombea ruhusa. Unarudi kwako kwa sababu ni kwako.

Ningekuwa wewe ningesema hivi: "Mwanangu, nilikuja kwa arobaini. Nimeongeza kwa mapenzi yangu, wala sijutii hata siku moja. Sasa nataka kurudi nyumbani. Nitaondoka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Kabla ya hapo tutafute msichana, nami nitamwelekeza mwenyewe kabla sijaondoka." Ukishamaliza, nyamaza. Usianze kuongeza mashati, mchicha na asali. Ukifungua hayo yote kwa pamoja ataacha kusikia tarehe, mtabaki mnajibizana juu ya shati. La simu lile ulilolisikia koridoni ningelimeza kabisa kwa sasa; ukilitoa, mazungumzo yatageuka kuwa ya mama anayesikiliza simu za watu.

Pengine atalia. Mwache alie, mshike bega, tarehe ibaki pale pale. Pengine atasema kitu kibaya, kama "kumbe umechoka na mjukuu wako." Jibu fupi linatosha: "Mjukuu sijachoka naye. Kazi za nyumba ndizo zilizonichosha." Ni kweli, na barua yako yote inasema hivyo. Ukisoma ulichoandika, hakuna mahali unaponung'unikia kumbeba mtoto, kumwogesha au kumlisha. Unanung'unikia ndoo, beseni, sinki na pensheni.

Mkwe aambiwe na mkewe. Halafu mzee wako ampigie simu ya kiume, mwanamume kwa mwanamume, amshukuru kwa kukutunza na kumtajia tarehe hiyo hiyo. Mkwe mwenye adabu kama unavyomweleza hataongeza neno, na tarehe ikishajulikana na wanaume wawili itakuwa vigumu kuifuta jikoni. Mzee naye mpe sababu ya kutopanda basi kuja kukuchukua. Mume akija kumtoa mkewe nyumbani kwa binti, hata kwa nia njema, majirani watatunga la kwao.

Kwa nini nasema mwisho wa mwezi wa sita na si kesho? Kwa sababu ya mtoto. Miezi tisa ni umri ambao watoto wengi hung'ang'ania mtu waliyemzoea na kulia wakimwona mgeni. Ukiondoka ghafla na siku hiyo hiyo akaletwa msichana asiyemjua, atateseka, na mateso hayo utayasikia kwenye simu kila jioni mpaka urudi. Dada mpya aje mapema mwezi wa sita. Siku za mwanzo mfanye pamoja, wewe ukimwogesha yeye akishika taulo. Kisha mgeuzane. Halafu uanze kutoka: nenda ukamsalimie ndugu Mbagala asubuhi urudi alasiri, wakabiliane wenyewe. Ukitoka muage mtoto, hata akilia. Bibi anayetoroka mtoto akiwa amelala humfundisha mtoto kwamba akifumba macho watu hupotea, na usiku hatalala.

Kumtafuta dada ni kazi ya binti, si yako. Lakini kwa kuwa utamwelekeza, una haki ya kusema neno. Asiwe mtoto wa shule aliyekatishwa masomo. Mtu wa kuachwa siku nzima na kichanga anayetambaa awe mtu mzima, anayejua kupiga simu, anayejua jirani wa kukimbilia. Wakubaliane kwa maandishi, mshahara na tarehe ya kulipa. Dada wa kazi naye ni mwajiriwa kwa sheria ile ile: ana haki ya siku ya kupumzika kila wiki, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Yule wa Singida aliyekwenda kusalimia asirudi, ningependa kujua kama alikuwa na Jumapili hata moja. Wewe mwenyewe hujawa nayo. Kama wanapendelea kituo cha kulelea watoto mchana, vipo, ila vingi hupendelea mtoto aliyekwishaanza kutembea. Waulize usajili wa ustawi wa jamii, waone watoto wanalala wapi, walezi ni wangapi kwa watoto wangapi, na choo kikoje. Mkurugenzi anayekataa mzazi asiingie ndani, wageuze njia.

Wakati huo mnatafuta, punguza. Hili nalo usilitangaze kwenye baraza, lifanye tu. Mtoto na chakula cha mchana ni vyako. Vyombo vya usiku wavioshe wao. Nguo za watu wazima usizitie maji tena. Shati la mkwe likiwa kwenye beseni, likae. Likae mpaka linuke. Binti anajua mila hiyo, amelelewa na wewe. Alichofanya ni kusahau kwa sababu ilikuwa rahisi kusahau, na mkwe mwenyewe sidhani hata anajua ni nani anayezifua. Siku akijua atatafuta pa kuficha uso. Jumamosi moja moja vaa dera lako zuri utoke, bila kueleza unakwenda wapi.

Pensheni. Wapo watakaokushauri udai mshahara. Mimi siungi mkono. Mama akilipwa na bintiye kwa mwezi, keshokutwa binti atahesabu siku alizochelewa kuamka, na wewe utahesabu ndoo. Lakini mboga, maziwa na umeme vya nyumba yao vinunuliwe kwa hela yao. Waambie waweke hela ya matumizi ya wiki kwenye kopo la jikoni. Likiisha, mwambie limeisha. Siku ya kuondoka wao ndio wakate tiketi, na ukipewa bahasha usiikatae kwa aibu. Umelea, pokea.

Asali sasa. Mwalimu, hapo samahani, niko upande wa binti. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulambisha, hata ya nyumbani iliyo safi. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, la mtoto mchanga haliwezi, vikaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Haitokei mara nyingi. Watoto wako wanne walilamba na hawakupata kitu, nakubali, ila ikitokea ni ya hospitali, si ya kungoja kesho. Kikohozi cha mtoto wa umri huo mnyonyesheni zaidi, na akipumua kwa haraka au kifua kikibonyea, mpelekeni kituoni usiku huo huo. Lakini alivyokujibu mbele ya mumewe, hapana. Siku nyingine, si Jumapili ile ya tarehe, mwambie: "Kuhusu asali ulikuwa sahihi, nimeuliza. Ila mimi ni mama yako, usinipazie sauti tena mbele ya mkwe." Ukimpa haki yake kwanza, lako ataliona.

Kwa wengine mnaosoma huku mmewaita mama zenu waje "kuwashika mkono" baada ya kujifungua: mpokeeni kituoni Mbezi mkiwa na tarehe ya kurudi. Mwulizeni dawa zake. Mwulizeni amemwachia nani kuku. Mama wa Kiswahili hatakwambia kachoka, atakwambia "mimi mzima tu, mwanangu," huku anachechemea.

Mwezi wa sita shule zinafunga, Mwalimu. Kama mjukuu mkubwa anataka, ondoka naye. Nyumba itapungua kelele wakati dada mpya anazoea, na yeye atakula machungwa juu ya mti badala ya kuyaona kwenye toroli barabarani. Hilo ni la hiari yako, usilitoe kama fidia. Na ukitaka kuja tena Kimara, njoo Desemba baada ya mgao wa kikoba, na tarehe ya kurudi isemwe kabla hujafunga mfuko.

Leo jioni mpigie katibu wa kikoba umwambie mwezi wa saba utakaa kwenye kiti chako, hata kama si cha mweka hazina. Mpigie na mzee umkataze kuuza kipande cha juu kwa dalali yeyote mpaka ufike. Kisha Jumapili useme na binti. Akikuomba uongeze mwezi, mwongezee wiki moja, tarehe mpya iandikwe kwa kalamu kwenye kalenda ya jikoni. Akiomba mara ya pili, kata tiketi.